Neno Lililomponza Bisibisi

Mnanisumbua niandike habari za Bisibisi kama vile nyinyi hamna mikono. Haya.

Ni binti wa marehemu dada yangu, fundi wa kompyuta, na jina hilo alipewa kwa sababu bisibisi haibanduki nyuma ya sikio lake. Wiki tatu alishinda kwenye stoo ya shule akifufua kompyuta kumi na mbili, kuukuu, zilizolemewa na mfumo wa kuziendesha, ule wa kununuliwa. Akaziwekea mfumo mwingine, ule ambao mafundi wa dunia nzima huutengeneza pamoja na kuugawa. Zikawaka zote. Alitaka jambo moja tu, watoto wa mtaa wake wazishike kabla hawajamaliza shule.

Mwalimu mkuu akaja, akaketi mbele ya mojawapo, akaandika barua nzima, akatabasamu.

“Dada, umefanya kazi! Mfumo gani huu?”

Bisibisi hajui kupamba maneno. “Ni wa bure, mwalimu.”

Tabasamu likakatika. “Wa bure?”

“Sisemi haufai. Haulipiwi.”

“Wazazi wakisikia watoto wao wanafundishwa kitu cha bure, uso wangu nitauweka wapi? Tutasubiri mfumo wa kweli.”

“Kwani barua uliyoandika hapo ni ya uongo?”

Mwalimu akavua miwani, akatoka. Bisibisi akazizima kompyuta moja moja, akazifunika shuka. Darasa la mwisho limeshahitimu, na shuka hazijafunuliwa.

Basi wewe unayesoma, pole yako sitaki. Nenda shuleni, funua moja, kaa uandike, mwalimu mkuu akikutazama.