Kopo la Mama Émilienne

Mama mkwe wangu, Émilienne, hakupanda chombo chochote bila kopo lake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limebonyea upande mmoja, na alilifunga kiunoni kwa kitambaa, juu ya kikwembe. Akiingia kwenye mtumbwi au boti, kabla hata ya kusalimu watu, aliinama kutazama sakafu. Akiona maji ya kulowanisha kidole tu, alianza kuyachota na kuyamwaga ziwani, huku akiwarushia maneno wote waliokaa bure. Pale kwetu Mboko wenye boti walimwona akija na nyuso zao zikabadilika. Mimi, niliyeolewa na mwanawe Henri, niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, lakini mke wa mwana atasema nini? Nilishika vikapu tu.

Sababu yake tuliijua. Mume wake, Raphaël, alikufa ziwani wakati Henri angali ananyonya. Walikuwa wakirudi kutoka rasi ya Ubwari kwa mtumbwi mkubwa, upepo mkali, maji yakaanza kuingia. Raphaël akachukua kopo. Nahodha akawaambia abiria watulie, waache maji, pwani iko karibu. Émilienne alimtii. Alitulia na mtoto kifuani, na mume wake akachota peke yake, mpaka mtumbwi ukajaa na kupinduka. Wavuvi walimwokota mama na mtoto. Raphaël walimpata kesho yake. Kuanzia hapo, mwanamume yeyote akimwambia Émilienne aache maji, hakumsikiliza.

Sasa, mwaka wa hamsini na sita, mvua ilikata barabara ya Baraka, nasi tulikuwa na ndagala kavu, dagaa wa ziwani, za kupeleka sokoni huko. Tukapanda boti ya mfanyabiashara mmoja, yenye mashine ya mazutu, yaani dizeli. Dereva alikuwa kijana mgeni, Isidore, mtu wa Kilembwe, kule ndani kwenye mihogo. Wanawake walimtania tangu tunapakia.

"Leo mutu ya mulima anatupeleka mu ziwa," mmoja alisema. "Anajua samaki ya kukauka tu."

Isidore alicheka pamoja nao. Émilienne hakucheka. Alikagua sakafu, akaiona kavu, akakaa.

Tulipoiacha Mboko nyuma, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Wimbi moja lilikata kamba ya pipa la mafuta ya ngazi, yaani mawese. Pipa likabingirika, likagonga batri iliyokaa kando ya mashine, na nikasikia kitu kikipasuka. Mara maji maangavu yakaanza kutiririka chini ya vikapu vyetu, pamoja na harufu iliyochoma pua. Émilienne alikuwa ameshainama. Alichota mara ya kwanza, akamwaga. Alichota mara ya pili, kisha akainua mguu mmoja, halafu wa pili, akatazama nyayo zake kana kwamba si zake.

"Mama, usitoe," Isidore aliita. "Ile haiko maji. Iko aside ya batri. Itabakula mikono na macho."

Alifunga usukani kwa kamba, akaja kuilaza batri ili ufa wake utazame juu. Lakini tindikali iliyokwisha kumwagika ilikuwa inatembea kati ya miguu yetu, na wote tulikuwa peku. Wanawake wakaanza kupiga kelele na kukimbilia upande mmoja. Boti ikalala. Ukingo ulikaribia ziwa kiasi kwamba ningeweza kunawa bila kuinama. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka nikasahau kuwa nina vikapu.

"Mutie maji ya ziwa humu ndani," Isidore alisema. "Mingi. Ikishapungua nguvu ndiyo mutatoa."

Hakuna aliyesogea. Wote walimgeukia Émilienne, maana katika boti ile nahodha alikuwa yeye, dereva alishika usukani tu. Angekataa, tungeendelea kurundikana upande ule mpaka tupinduke. Nami nilimjua. Nilijua ni nani aliyemwambia mara ya mwisho aache kuchota, naye akamtii.

"Nitie maji mu boti?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"We unajua kuogelea?"

Wanawake wawili walitaka kucheka, wakajizuia. Isidore alijifuta uso kwa bega.

"Sijui, mama. Hata kidogo. Ndiyo maana sitaki izame."

Émilienne alimtazama machoni. Halafu akageuka, akainama nje ya boti, akajaza kopo lake, na kulimwaga miguuni pake mwenyewe.

"Mukae chini, bote," alisema. "Kila mutu pahali pake. Mwenye sufuria atie na sufuria. Florentine, we unangojea nani?"

Basi nilitia. Tulitia kwa sufuria, kwa vibuyu, kwa vifuniko, vikapu vimepakatwa magotini, mpaka maji yakafika vifundoni na moto wa miguu ukapoa. Boti ikarudi kusimama sawa. Isidore akasema sasa tutoe, tukatoa. Akasema tutie tena, tukatia. Mashine hakuizima hata kidogo, kwa kuwa bila batri isingewaka tena, na tulipofika Baraka aliipandisha boti mchangani ikiwa bado inanguruma.

Watu walishuka mmoja mmoja, wengine wakimgongagonga Isidore begani. Émilienne hakushuka. Alibaki amechutama, anachota.

"Shuka, mama, nitamaliza," Isidore alimwambia.

"Mi nilikubali kutia maji. Sikukubali yalale humu."

Alimaliza mpaka mbao zikaonekana, akazipangusa kwa gunia. Ndipo akakaa kwenye mchanga, nikamwosha miguu. Ngozi ilikuwa imebabuka kati ya vidole. Kikwembe chake kilikuwa kizima kwa macho, ila tulipokifua baadaye kilikatika mikononi mwetu vipande vipande, na kopo likatoboka.

Siku ile pale mchangani nilipata ujasiri wa kumuuliza, labda kwa sababu nilikuwa nimeshika mguu wake. Nilimuuliza kwa nini alimwamini mtu wa Kilembwe asiyejua hata kuelea.

Alilitazama ziwa, kule upande wa Ubwari.

"Ule nahodha wa siku ya Raphaël alijua kuogelea sana," alisema. "Alifika pwani mbele ya sisi bote."