Nilivyorukwa Stesheni

Jumamosi nilikuwa stesheni ya Eldoret, nimekaa chini nikingoja karani afungue dirisha la tikiti, miguu nimeinyoosha kama mwenye shamba. Akatokea mwalimu mmoja wa Kaptagat, yule msichana mrefu aliyechaguliwa kwenda Kampala kuiwakilisha Kenya katika kuruka juu. Treni yake ilikuwa imeshapiga filimbi. Hakuwa na nafasi ya kuzunguka, akairuka miguu yangu.

Mnajua kwetu mtu akirukwa miguu, aliyemruka lazima arudi amruke tena, la sivyo hatakua. Mimi ndiye niliyeandika katika safu hii juzi kwamba mambo hayo ni ya watu wasiosoma. Hata hivyo nilijisikia nikiita, "Wewe dada, rudi uniruke."

"Mzee, treni inaniacha."

"Na mimi je, nisikue?"

Mama aliyekuwa akiuza mayai hapo kando aliuangalia upara wangu, akashuka na macho mpaka kwenye tumbo. "Ukue uende wapi tena?" akauliza.

Watu wakacheka. Nikasimama niheshimiwe, lakini kwa kimo changu kusimama hakusaidii sana. Msichana alirudi mbio, akaweka kikapu chini, akanipima kwa macho.

"Basi simama hivyo hivyo, Mzee," akasema kwa upole. "Kampala ile fimbo ya kuruka wataiweka juu kidogo kuliko hapa."

Nilikaa upesi. Akaniruka, akaliwahi behewa la mwisho.

Akirudi na ushindi, tafadhali msiniulize alifanyia wapi mazoezi.