Tope la Mbalibali

Mwezi uliopita nilikwenda Mbalibali kumzika shangazi. Gari likavuka kalavati jipya la korongoni, wala sikujua tumeshavuka hadi niliyeketi naye aliponiambia. Nikageuka kutazama nyuma. Pale, rafiki yangu, palikuwa na tope jeusi linalovua watu viatu, nami wakati huo nilikuwa kidato cha pili.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa mtu wa mikoa ya kusini. Alifundisha kwa Kiingereza, lakini akiona tumekodoa macho tu, alirudi kwenye Kiswahili. Siku ya somo la kani alisimamisha wawili mlangoni, mmoja asukume kutoka nje, mwingine kutoka ndani. Mlango ukatulia tuli.

"Umetulia kwa sababu hakuna anayesukuma?"

"Hapana, mwalimu! Wanatoshana nguvu!"

"Haya, mwingine aongeze kidole kimoja tu upande huu."

Mlango ukafunguka, mwenzetu akaanguka chali, tukacheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Sisi wasichana tulichota maji ya nyumba za walimu, na jioni tuliishia jikoni kwa mke wa mwalimu huyo. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, lakini hakukubali mtoto aondoke na njaa. Dagaa aliwaunga kwa karanga, na ugali wa mtama na muhogo aliuweka katikati yetu ukifuka moshi. Kiswahili chetu kilichojaa Kikurya kilimchekesha mpaka machozi. "Kuleni, wanangu," alisema, "mje mnitibu nikizeeka."

Uchungu ulimshika mchana mmoja wa masika. Pikapu iliyokodiwa kumpeleka hospitali Mugumu ikakwama korongoni. Mwalimu alikuja shuleni mbio, suruali imelowa hadi mapajani.

"Wanangu, njooni mnisaidie."

Tulikwenda darasa zima. Tulisukuma, na tope nalo lilishikilia. Gari lilisogea upana wa kiganja, likarudi. "Tena! Moja, mbili, tatu!" Ndani tulimsikia mkewe akigumia. Mara ya tatu tukalipandisha hadi karibu na ukingo, likasimama hapo, halipandi wala halishuki. Matairi yakarusha tope. Nilikuwa na sketi mpya, ya kwanza ambayo sikurithi kwa dada. Nikaachia mkono mmoja, nikaikusanya isichafuke. Gari likarudi shimoni. Hakuna aliyeniona.

Jirani mmoja mzee alileta ng'ombe wake wa kulimia na mnyororo, wakalitoa. Lakini jua lilikuwa linazama. Mama yule hakurudi, wala mtoto. Walisafirishwa kuzikwa kwao, kwa hiyo kule kwetu hakuna hata kaburi la kupalilia.

Huenda mkono wangu usingebadilisha kitu. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Nyumba za walimu zimebomolewa, pale palipokuwa na jiko wamepanda mahindi, na wengi niliosukuma nao wametawanyika, wengine kwenye machimbo ya dhahabu, wengine sijui wako wapi.

Mwalimu alifundisha hadi mwisho wa mwaka, akapata uhamisho. Siku ya kuondoka alitushika mikono mmoja mmoja. Aliponifikia, akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu. Siku ile mlisukuma sana."

Nilitaka kumwambia.

"Asante, mwalimu," nikasema.