Simbi Mbili za Mapacha

Nilipokuwa mtoto kule Navakholo, mimi na pacha wangu Mulongo tulivaa shingoni kila mmoja simbi yake, gamba dogo la konokono wa baharini, ingawa bahari yenyewe hakuna aliyewahi kuiona nyumbani kwetu. Kukhu, nyanya yetu, ndiye aliyetufunga simbi hizo tulipozaliwa, na onyo lake tulilijua kama sala: pacha akivaa simbi ya mwenzake, mwenye simbi ataugua.

Ya Mulongo ilikuwa laini, na duara la manjano mgongoni. Yangu ilikuwa imepauka, ina nundu pembeni, haina mbele wala nyuma. Niseme ukweli, niliona wivu. Krismasi moja nikazibadilisha tulipokuwa tukioga mtoni, na Mulongo, ambaye hata shati alikuwa akivaa kinyume, hakugundua.

Mahindi yalipoanza kubeba, homa ikamwangusha. Mama alimpeleka zahanati wakarudi na vidonge, lakini siku ya tatu bado alikuwa akiweweseka. Nikaapa kwamba ndugu yangu hafi kwa wivu wangu. Nikaivua ile simbi, nikaenda moja kwa moja jikoni kwa Kukhu, ambaye wakati huo alikuwa haoni tena.

"Kukhu, mimi ndio nilibadilisha. Nipige, lakini umrudishie."

Aliipapasa kwa kidole gumba. "Hii inatelezanga. Yako iko na nundu. Nilijua tangu Krismasi, nikiwashikanga shingo nikiwaombea."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangojea mwenye alichukua aniletee."

Alimfunga Mulongo simbi yake jioni hiyohiyo. Wiki haikuisha akawa ananipora viazi.

Leo ninafundisha baiolojia hapa Shieywe, na najua hao ni konokono wa aina mbili tofauti. Wanafunzi wangu huwachanganya mchana kweupe, Kukhu aliwatambua kwa kugusa tu. Ila kinachonikosesha raha si hicho. Kama kweli aliamini simbi inaleta ugonjwa, angemwacha mjukuu wake miezi yote ile na simbi isiyo yake? Nilimkasirikia kwa miaka. Sasa nadhani hakuogopa simbi hata kidogo. Aliogopa nikue mtu wa kuchukua na kunyamaza, na alikuwa tayari kungoja.

Yangu ningali naivaa. Kila ninapotaka kumficha mtu jambo, kidole changu huanza chenyewe kuzitafuta zile nundu, na mara nyingi mimi huishia kusema ukweli.