Mlango wa Mzee Kapele

Siku ya kwanza ya kazi nilishuka stendi ya Sumbawanga nikiwa na sanduku la bati mkononi na kola shingoni, ule ukosi mweupe wa wachungaji. Kwaya ilikuwa imekuja kunipokea. Wakaimba, wakanivika shada la maua, kisha mzee mmoja wa kanisa akanipa mkono, "Karibu sana, mama mchungaji," akanipita, akaenda kuchungulia mlangoni mwa basi. Alikuwa anamtafuta mchungaji mwenyewe! Kwetu mama mchungaji ni mke wa mchungaji, na mzee wa watu hakuwahi kuona kola kwenye shingo ya mwanamke. Nikamwambia, "Baba, acha kuchungulia, humo amebaki utingo tu. Mchungaji ni mimi." Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Baridi ya Ufipa ilikuwa kali siku ile, lakini mimi ni Mbena wa Njombe, baridi hainitishi, na macho ya watu hayakunitisha pia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotoka chuo cha theolojia sasa hivi, mnaouliza kama nyumba ya mchungaji ina umeme. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki. Ukirusha jiwe gizani, atakayelia ni Mkatoliki. Sisi Walutheri tulikuwa wachache, wengi wetu wa kuja: Wakinga wenye maduka, walimu, watumishi wa serikali. Kazi ya misioni mahali kama hapo si kupiga kelele kwa kipaza sauti. Ni kwenda kwa watu ambao hawakukuita, ukakaa nao mpaka wakuzoee, na wasipokuzoea ukakaa hivyo hivyo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mchungaji Kiongozi wa usharika wa mjini. Alinifundisha mengi, kuanzia kuendesha mnada baada ya ibada, pale ambapo kuku, mahindi na ulezi vilivyotolewa sadaka huuzwa nje ya kanisa, mpaka kuendesha pikipiki. Siku niliyolalamikia njia ya vijijini alinitazama juu ya miwani. "Mchungaji anayeogopa matope akafanye kazi benki," akasema. Sikulalamika tena. Nikashona suruali ya kaki, nikaipanda pikipiki ya kanisa, na waliosema mwanamke hapandi hivyo wakasema mpaka wakachoka.

Nilipokwisha kuiva nilipelekwa bondeni, Muze, upande wa Ziwa Rukwa. Unatoka Sumbawanga na sweta, unateremka ukingo ule wa mawe na kona, ukifika chini unalitafuta shati jepesi. Muze tulikuwa na mtaa, yaani kikundi cha waumini wenye kanisa lao dogo ambao hawajafikia kuwa usharika. Mtaa ule uliasisiwa na mtu mmoja, Mzee Kapele. Ujana wake alikwenda kufanya kazi ya chai Mufindi, akabatizwa huko, akarudi nyumbani Mlutheri peke yake katika ukoo mzima. Ndugu zake walimcheka, wengine walimsusa. Akafyatua matofali kwa mikono yake, akajenga kanisa kwenye shamba lake. Basi mjue kwamba simsemi mtu mdogo. Namheshimu mpaka leo.

Lakini Mzee Kapele hakunitaka. Alinipokea, akanipa maji ya kunywa, akaniambia uso kwa uso: "Kuhubiri utahubiri, nitasikiliza. Ila kikombe cha Bwana kutoka mkono wa mwanamke, mimi na nyumba yangu, hapana." Na kweli, Jumapili alikaa benchi la mbele akanisikiliza neno kwa neno. Tulipofika kwenye Chakula cha Bwana, akasimama, akatoka. Mke wake, Mama Yusta, akainuka akamfuata, akigeuka nyuma kuitazama meza. Niliyaona macho yale kila mara, na kila mara yaliniuma.

Mzee alikuwa akipokea kwa Mkuu wa Jimbo, yule msimamizi wa sharika zote za eneo letu, ambaye aliteremka kwetu kwa nadra. Mvua zikikata barabara hakuteremka kabisa. Sasa masika moja Mama Yusta akaugua, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuhesabika. Akamtuma jirani yake, Mama Oliva, aje kwangu. "Mchungaji, anakuomba umpelekee Chakula cha Bwana. Anasema hataki kufa na njaa hiyo."

Nikachukua kisanduku changu cha wagonjwa, kidogo tu, kina kikombe, chupa ya divai na mkate wa meza, nikaenda. Mzee Kapele alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Humu hamna mgonjwa wako."

"Ameniita mwenyewe."

"Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi."

Nikarudi. Nilikuwa na hasira, sifichi. Nikapandisha pikipiki mpaka Sumbawanga, matope hadi magotini, nikaingia ofisini kwa Mkuu wa Jimbo nikiwa vile vile. Akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Usimlazimishe mzee yule, mama. Ndiye nguzo ya mtaa. Mvua zikipungua nitateremka mwenyewe. Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, baba. Mgonjwa hawezi kungoja mvua."

"Nakuagiza usiende."

"Nimekusikia," nikamjibu. Kusikia nilisikia. Nikateremka bondeni siku ile ile.

Kesho yake nikasimama tena mbele ya mlango wa Mzee Kapele, na kola yangu, na kisanduku changu. Majirani wakaanza kusogea, Wakatoliki kwa Walutheri, maana Muze habari haina mguu lakini inafika. Mzee akauziba mlango kama jana. Sikubishana naye. Nikamwambia, "Sitaingia bila ruhusa yako. Ila kuondoka siondoki."

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini haikutetemeka. "Baba Yusta, ni nani huyo?"

Mzee akakaza mikono kwenye miimo. Nikajibu mimi, "Ni mchungaji, mama."

"Baba Yusta, nyumba umejenga wewe, sina neno. Lakini huo uwanja ninaufagia mimi kila asubuhi tangu nilipoolewa. Wewe umewahi kuufagia? Mama Oliva! Njooni na mkeka mnitoe."

Loo! Sijasikia mahubiri kama yale, na nimesikia maaskofu. Wanawake wakampita mzee pale mlangoni kama vile hayupo, wakambeba Mama Yusta, wakamlaza kwenye mkeka katikati ya uwanja wake. Nikapiga magoti kwenye udongo mbichi. Nikamsomea ondoleo la dhambi, nikampa mkate, nikamshikilia kikombe kwa sababu mikono yake ilikosa nguvu. Akanywa, akafumba macho, akasema, "Sasa nimeshiba." Mzee Kapele alikuwa ameugeuzia uwanja mgongo, paji la uso kwenye mwimo wa mlango.

Mama Yusta alifariki kabla mvua hazijaisha. Mzee hakuniita. Alimtaka mwinjilisti, msaidizi wa mchungaji ambaye hajawekewa mikono ya uchungaji, ndiye amzike. Nikasimama nyuma na wanawake nikalia kama mfiwa mwingine yeyote. Iliniuma, na sitasema haikuniuma.

Mkuu wa Jimbo aliniita. "Umeleta fujo nyumbani kwa mzee wa kanisa."

"Kama kumlisha mgonjwa ni kosa, niadhibu, baba. Lakini jua kwamba nitalirudia."

Akanihamishia Kaoze, mbele zaidi bondeni, akidhani jua la kule litanilainisha. Thubutu! Kaoze nilikaa, nikafundisha darasa la kipaimara, lile la vijana wanaojiandaa kuja mezani mwa Bwana, nikabatiza, nikazika, nikajifunza Kifipa cha kunitosha kugombana sokoni. Nikipita Muze kuhubiri, Mzee Kapele alikaa benchi lile lile na alitoka wakati ule ule. Wembe ni ule ule. Mwishoni nikarudishwa Sumbawanga mjini, na huko nikastaafu. Wakanipa kitenge na kiti cha kuegemea, wakaniambia nipumzike.

Mchungaji mstaafu hagusi huduma mahali pa mwenzake bila kuombwa, na huo ni utaratibu mzuri, ninaushika. Lakini juzi juzi mchungaji kijana wa Muze alinipigia simu. "Shikamoo, mama. Mzee Kapele yuko hoi. Nimempelekea Chakula cha Bwana, amenifukuza. Anasema anamtaka yule aliyemlisha mke wake. Nimemwambia Mkuu wa Jimbo wa sasa, anasema ule mteremko na umri wako, haiwezekani."

"Wewe unaniomba?"

"Nakuomba, mama."

"Basi imewezekana. Magoti ni yangu, si ya Mkuu."

Nikapanda bodaboda. Kijana wa watu kila kona, "Bibi, shika vizuri!" Nikamwambia aangalie njia, ukingo ule nilianza kuuteremka yeye hajazaliwa.

Mnaniuliza kama najuta kutotii. Sijuti. Mkubwa hutiiwa, na nimewatii wakubwa wangu katika mengi mno, lakini aliyelala na njaa yuko mbele ya mkubwa. Kama hilo hamliwezi, rudisheni kola.

Nilimkuta Mzee Kapele uwanjani, amelazwa kwenye mkeka, pale pale. Mifupa mitupu. Uwanja ulikuwa safi, una mistari ya ufagio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji." Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo. "Nimeufagia mwenyewe tangu alipofariki. Leo asubuhi tu nimeshindwa, wamenifagilia. Piga magoti hapo unipe."

Machozi yalinitoka, lakini nikatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Leo napita mlangoni."

Akanikazia macho, mkaidi kwa mkaidi. Kisha akapumua. "Pita. Lakini ulezi wangu umeanikwa pale kizingitini, usiukanyage."

Nikakunja sketi, nikauruka ulezi, nikaingia. Vijana wakambeba mzee na mkeka wake, wakamleta ndani nyuma yangu.