Albamu ya Mimi Sisemi

Kama umewahi kukutana mtandaoni na mwanamke aliyevaa gauni la njano la kufagia barabara, amesimama katikati ya shamba la alizeti, mikono ameitanua, anaimba kwa uchungu huku shamba zima nyuma yake limempa mgongo, basi umeshamwona Elina. Ndiye huyo. Usimwonee huruma. Mwenyewe ameshajicheka mpaka mbavu zikamuuma, baada ya kulia kwanza, maana kila jambo na zamu yake.

Elina ni msusi. Anasuka kwenye saluni moja ya Majengo, Singida mjini, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia msanii, na atakwambia akiwa na kitana mdomoni. Mtandaoni anajiita Mimi Sisemi. Jina hilo hakulibuni. Ni maneno ya mama yake wa kule kijijini Iguguno, ambaye tangu Elina apate akili alikuwa akianza kila shauri hivyohivyo, "Mimi sisemi," na akishasema hivyo atasema mpaka kuku waingie bandani wenyewe. Siku moja pale saluni, mikono imejaa rasta, Elina akamwigiza mama yake ili kumchangamsha mteja aliyekuwa anasinzia. Mteja akarekodi, akarusha. Kufika jioni watu wa Mwanza na Mbeya wasiomjua kwa sura wala kwa jina wanamwita mama. Basi kichwa kikavimba, kikaomba nafasi.

Akanunua kitenge kama cha mama, akajifunga kilemba kama cha mama, akashika kiuno kama mama. Kila wiki kipande kipya: Mama anagombeza kuku. Mama amepigiwa simu akiwa kanisani. Mama ameletewa mkwe asiyejua kukoroga uji. Vyote vifupi, kwa sababu watu wa mtandaoni hawana subira. Elina alijua kukata palepale wanapocheka, kabla hawajachoka. Hilo alijisifia sana, kwamba ana jicho la kukata.

Sasa Iguguno nako kuna simu, jamani. Watoto wakaanza kumpigia mama yake kelele njiani, "Mimi sisemi!" Wauza nyanya wa barabarani wakawa wanamwamkia hivyohivyo badala ya shikamoo. Ikafika mpaka kwenye mazoezi ya kwaya. Mama Elina alisimama kutoa maoni kuhusu sare mpya, na kabla hajafungua mdomo mtu mmoja wa sauti ya nne akamtangulia kutoka nyuma, "Mimi sisemi!" Kanisa likaangua kicheko, mchungaji naye akajifuta macho. Mama akakaa. Sare ikapita bila yeye. Tangu siku hiyo akaacha kusema.

Kuacha kabisa. Elina akienda nyumbani ni "Shikamoo mama," "Marahaba," basi. Ugali unaletwa, unaliwa, sahani zinaoshwa. Akamchokoza makusudi: akaenda na sketi fupi, akaenda na kucha za kubandika akazitumbukiza kwenye mlenda mbele ya macho yake. Mama anatazama, anameza, anageukia dirishani. Elina alikuwa na maelfu ya watu wanaosubiri maneno ya mama yake kila wiki, na yeye mwenyewe nyumbani hapati hata neno moja la kutumwa dukani. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kuliko kusutwa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, mama amgombeze tena.

Mtu mwenye akili angekwenda akapiga magoti, akaomba radhi. Elina akatoa albamu.

Hesabu yake ilikuwa hivi: mama amekasirika kwa sababu ni vichekesho. Ikiwa sanaa ya maana, nyimbo saba, kila wimbo na video yake, zote zimeunganishwa kuwa hadithi moja ya mama mkulima anayelea mtoto kwa alizeti, basi mama atajivuna. Hakutaka lebo wala meneja. Ukweli ni kwamba alizitaka, alizitumia ujumbe zote, hazikujibu. Kwa hiyo akaandika kwa fahari kwenye ukurasa wake: albamu hii natoa mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa Prashant, kijana wa duka la vitambaa pale mjini, ambaye kazi yake ni kupiga harusi. Kitambaa cha gauni kilitoka kwenye duka hilohilo. Mama yake Prashant, Bi Bhagwati, alikunjua jora, akamtazama Elina juu ya miwani.

"Elina mwanangu, hii ni ya pazia. Unajua?"

"Najua mama."

Alikuwa hajui. Lakini mtu akishajiita msanii anaona aibu kushangaa dukani.

Wakaenda shambani mwezi wa nne, alizeti zimechanua mpaka unafumba macho. Prashant akasema, "Dada, tupige jioni. Mwanga wa jioni unampendezesha kila mtu, hata bwana harusi." Elina akakubali. Hapa ndipo anapojishika kichwa kila akisimulia. Prashant ni mtoto wa duka, hana kosa. Lakini Elina kazaliwa kwenye alizeti! Hakuna mtoto wa Iguguno asiyejua kwamba ua la alizeti likishakomaa linatazama linakotoka jua, na linabaki hivyohivyo, halihangaiki tena kulifuata jua linakokwenda. Ukitaka sura yake, nenda asubuhi. Ukienda jioni, ukaligeukia jua likupake uso, alizeti zote nyuma yako zimekuonyesha visogo. Elina aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Sasa angeyakumbuka saa ngapi, wakati macho yote yalikuwa kwenye kioo cha simu anaangalia kama wanja umekaa sawa? Prashant yeye aliona maua yamegeuka, akadhani alizeti za huku ndizo zilivyo.

Wakapiga nyimbo zote saba hivyo.

Albamu ilipotoka, watu hawakuchelewa. "Dada, hata maua yamekususa." "Shamba limenuna kwani umelifanyaje?" "Pazia zuri, dirisha liko wapi?" Na mmoja, mwenye roho nzuri kuliko wote, akauliza lini anarudi kumwigiza mama. Elina aliibeba simu mwenyewe mpaka Iguguno, akamwekea mama wimbo wa kwanza. Mama akatazama kidogo, midomo ikamcheza kama anayetaka kusema kitu. Elina akasogea. Mama akamrudishia simu, akachukua ndoo akaenda bombani.

Mwingine angekoma hapo. Elina alisema tatizo ni kioo cha simu kuwa kidogo. Albamu itakuwa igizo la jukwaani, la kuimba mwanzo hadi mwisho, na litachezwa Iguguno kwenyewe, mama akiwa amekaa mbele. Akaenda kumwambia. Mama akajibu neno moja, "Nitakuja," na Elina akarudi mjini akiruka kama ametolewa posa.

Ikawa mwezi wa saba, mavuno yamekwisha, watu wana nafasi. Paschal, mwenye mashine ya kukamua mafuta pale kijijini, akatoa uwanja wa mashine yake. Jukwaa wakalipanga kwa magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki mafuta yakishatoka, wakatandika turubai juu, wakatundika jingine nyuma. Lilikuwa jukwaa zuri, pana, na linanukia. Lilinukia kwa mbuzi pia. Hakuna mbuzi wa Iguguno anayepita karibu na mashudu akasema nimeshiba. Igizo halijaanza wamefika, wamejipanga mbele kama wageni rasmi, wanatafuna kona ya jukwaa.

Watu walijaa. Kwaya ilikuja na sare zake mpya. Mama naye akaja, amevaa kitenge kilekile ambacho nchi nzima inakijua, amebeba kigoda chake mwenyewe. Watu wakampisha mpaka mbele. Akakiweka kigoda chini, akakikalia, uso akauelekeza barabarani. Jukwaa likawa kisogoni kwake.

Elina alikuwa nyuma ya turubai anachungulia, pazia lake la njano limembana kifuani. Alizeti alizivumilia. Huyu ni mama. Akamwambia Prashant tufunge tuondoke. Prashant, ambaye kwenye harusi ameshaona bwana harusi akizimia na keki ikianguka, akamwambia, "Dada, watu wamekaa," akabonyeza muziki.

Niseme wazi kwamba nyimbo zilikuwa kwenye flashi. Kazi ya Elina ilikuwa kutembea, kulia panapotakiwa, na kuchezesha midomo. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili, mbuzi wakatoboa gunia, jukwaa likalegea upande wa kulia, Elina akaimba amesimama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Wa tatu, katikati ya ile sauti ndefu ya juu inayotakiwa kuwatoa watu machozi, umeme ukakatika.

Sauti ikakata. Mdomo wa Elina haukupata taarifa. Ukabaki wazi, mkono juu, macho yamefumbwa kwa hisia. Alipoyafumbua, uwanja mzima ulikuwa umelala kwa kicheko, na Prashant anakimbilia jenereta isiyo na mafuta kwenye uwanja wa mafuta.

Ndipo mtu akaanza, na wengine wakadakia, wanapiga makofi kwa mpigo mmoja: "Mimi si-se-mi! Mimi si-se-mi!"

Hilo ndilo jambo pekee Elina anaweza kulifanya bila umeme. Neno moja tu, na igizo limepona. Akashika kiuno. Mdomo ukakaa tayari. Halafu akaona kile kisogo pale mbele, kilemba kimefungwa kwa fundo lile aliloliiga mpaka akapata jina. Mabega ya mama yalikuwa yamejikaza, kama ya mtu anayesubiri kumwagiwa maji. Elina akashusha mkono.

"Jamani, leo sina," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ya kwake mwenyewe. "Yale maneno siyo yangu. Mwenyewe yupo hapo."

Makofi yakafa moja moja. Mbuzi tu ndio walioendelea. Elina akawa anatafuta pa kushukia.

"Mimi sisemi."

Haikutoka jukwaani. Ilitoka kwenye kigoda, imeelekea barabarani.

"Mimi sisemi. Lakini mtu umezaliwa kwenye alizeti, umelishwa kwa alizeti, shule umesomeshwa kwa alizeti, halafu unakwenda kupiga picha jioni. Jioni! Si ungeniuliza? Simu unayo. Vocha ya kunisema kwa watu unayo, ya kuniuliza ndiyo huna? Na hilo pazia sisemi, aliyekushonea atajibu mbele za Mungu. Na wewe Paschal, mtu mzima na ndevu zako, unapanga mashudu nje na mbuzi wanakuangalia, ulitegemea watakaa wapige makofi? Na nyie kwaya mnaocheka hapo! Nilisimama niwaambie zambarau hiyo mtafanana na biringanya, mkanicheka. Haya, si ndio hayo mabiringanya?"

Watu wakalia kwa kucheka. Waliotoka mbali walidhani ni sehemu ya igizo, wakaulizana yule mama wamemtoa wapi. Mtu mmoja alirekodi, na kipande hicho ndicho kilichozunguka nchi nzima, kikaizidi albamu mbali sana. Lakini kinaishia kwenye mabiringanya. Aliyerekodi alikata palepale watu walipocheka. Yaliyofuata wanayajua waliokuwepo.

Mama alisubiri kicheko kipungue. Akainuka, akakigeuza kigoda, akakaa upya, safari hii uso kwa uso na jukwaa. Akamtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka kwenye pindo lililotafunwa na mbuzi.

"Na msinione nimempa mgongo," akasema. "Sura yake naijua, nimeizaa mimi. Nilikuja kusikiliza kama leo atafika mwisho. Kila siku ananisema, akifika katikati anakata. Watu wamebaki wanajua mimi kazi yangu kugomba. Elina, ule mwisho wangu huwa unaupeleka wapi?"

Elina aliyatafuta kichwani yale magomvi yote, ya kuku, ya simu, ya sketi, ya tangu akiwa darasa la kwanza, akayafuata moja moja mpaka kule alikokuwa hafiki kamwe na simu yake. Kote alikuta neno lilelile. Akakaa chini juu ya gunia.

"Sema basi, mama," akasema. "Malizia wewe."

Mama akanyanyuka, akajishika kiuno kwa namna ambayo Elina hajawahi kuipatia vizuri, hata siku moja.

"Umekula?"

"Sijala, mama."

"Shuka."