Pierre Aliyekufa Akiwa Mchanga

Ozélie Lavertu aliendesha basi la shule pale Saint-Fabien-des-Aulnes, kandokando ya mto Saint-Laurent, mpaka akaota mvi. Alipostaafu watu walidhani atatulia nyumbani afume soksi. Thubutu. Alijitosa kuwasaka mababu, na ukikubali kahawa yake atakutajia baba wa baba wa baba mpaka kahawa ipoe.

Kazi yenyewe si lelemama. Zamani kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie, kisha likafuata jina la msimamizi wa ubatizo, na mwishoni ndipo lilipokuja la kuitwa nyumbani. Ungesimama uani uite Joseph, angekuja baba, wangekuja wanawe wote, na jirani naye angechungulia. Hata Lavertu lilianza kama jina la utani. Babu wa kwanza, askari aliyevuka bahari kutoka Ufaransa, aliitwa Gaucher. Wenzake jeshini wakambandika Lavertu, likamganda yeye na wajukuu hadi Gaucher likasahaulika.

Aliyemkwamisha Ozélie ni Pierre, mjukuu wa huyo askari. Tawi lao lote lilining'inia kwake. Na vitabu vya parokia vilisema Pierre alibatizwa wakati wa mavuno, akazikwa kabla theluji haijayeyuka. Kilichomuuma ni kwamba Jumapili ukoo mzima ungekutana, majina yasomwe kuanzia askari hadi walio hai, na marehemu baba yake alikufa akimwambia, "Sisi ni wa yule askari, mwanangu. Asikudanganye mtu."

Msomaji wa majina alikuwa binamu yake Gédéon, muuza jibini, ambaye Alhamisi alikuja kula pai ya nyama.

"Hebu nieleze, Ozélie. Kitoto cha kunyonya kiliwazaaje nyinyi?"

"Kula pai yako."

"Si nakula? Nauliza tu. Nikisema kanisani kwamba mmetokana na maiti, padri atazimia."

"Wewe tangu utotoni mdomo umekuzidi akili."

"Sawa, lakini nitasoma nini? Itabidi niliruke tawi lenu, binamu. Sipendi, ila ndiyo hivyo."

Ozélie alicheka ili asilie. Usiku ule hakupata usingizi wa maana, akimfikiria baba yake.

Kesho yake alibeba kopo la rangi nyeupe akaenda makaburini, kama kila mwaka kabla ya mkutano. Nyuma ya jiwe la wazazi wake kuna msalaba mdogo wa mbao. Mama yake ndiye aliyekuwa akimleta hapo, amemshika mkono, na hapo ndipo mtoto alipojifunza kusoma jina lake mwenyewe: Ozélie Lavertu. Aliyelala hapo alikuwa dada yake, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Yeye alipokuja, akapewa jina lile lile, kama walivyofanya watu wote wa huko, ili lisipotee. Wakati mwingine mama alimwita, halafu akageukia upande wa makaburini, na mtoto hakujua ni nani kati yao aliyeitwa. Hilo lilimsumbua sana utotoni. Baadaye akalizoea, akabaki kupaka rangi tu.

Alikuwa anaizungushia rangi herufi ya pili brashi ilipomganda mkononi.

"Mjinga mimi," aliuambia msalaba. "Mjinga wa kutupwa."

Alikwenda moja kwa moja parokiani, rangi vidoleni. Mara zote alikuwa akikomea kwenye yale mazishi. Safari hii alifunua mbele, na hazikupita kurasa nyingi akakutana na baba yule yule, mama yule yule, na mtoto mwingine aliyebatizwa Pierre.

Jioni alimburuta Gédéon hadi makaburini.

"Soma."

"Ozélie Lavertu." Gédéon akakuna kichwa.

"Sasa pai ya jana kakupikia nani?"

Gédéon aliutazama msalaba, akamtazama yeye, akavua kofia. "Kumbe na Pierre walikuwa wawili. Basi binamu, yameisha. Tawi lenu nalisoma lote."

Jumapili alilisoma kweli, Pierre wa pili akiwa mahali pake, na kila aliye hai akiitikia akitajwa.

"Ozélie Lavertu."

"Nipo. Rudia."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Rudia tu."

Gédéon alimtazama, akaelewa. Akalisoma tena, taratibu.

"Naye yupo," akasema Ozélie, akaketi.